Aliyekwisha Kuugua

Daktari alizungumza mengi siku ile, lakini kichwani mwangu lilibaki moja. Dawa ya saratani ambayo mama angeanza kutundikiwa, alisema, inaua uvimbe, ila inaua pia chembe za damu zinazolinda mwili. Kwa miezi kadhaa mama angebaki bila ulinzi. Mafua tunayoyapuuza sisi yangeweza kumlaza, na Korona, ambayo watu wa mjini wameshaanza kuizungumzia kama habari ya zamani, ingeweza kumuua. Hakuzunguka. Alisema kumuua, mama akiwa amekaa palepale na mkoba wake mapajani.

"Kwa hiyo huyo atakayeishi naye," akamalizia, akitutazama mimi na kaka yangu, "awe mtu wa kujiangalia sana."

Tulianza kugombana kabla hatujafika getini.

Mama ni mtu wa Nansio, kisiwani. Alikuwa amevuka kwa meli na begi la nguo, mfuko wa machungwa na aibu kidogo, kama vile kuugua titi ni utovu wa adabu. Matibabu yote yalikuwa Mwanza na baba alishafariki, kwa hiyo ilibidi akae kwa mmoja wetu mpaka dawa ziishe. Kaka yangu anaishi Igogo na mke wake, karibu na ziwa, anakotengeneza mashine za boti. Mimi niko Mabatini, nina duka la vitenge. Watoto wangu wako shule ya bweni, na mume wangu anaendesha lori, nyumbani haonekani ila kwa bahati. Nafasi nilikuwa nayo, muda nilikuwa nao, na juu ya yote nilikuwa na kinga, au ndivyo nilivyojiona.

Hapo kwenye kinga ndipo ugomvi ulipokaa. Mimi nilichanja mapema, wakati watu bado wanaiogopa ile sindano na kuzushiana kila aina ya habari juu yake. Baadaye nikaongeza dozi ya nyongeza, na baadaye tena nikaongeza nyingine. Sikuwa nimewahi kuugua, na nilikuwa nalisema hilo mara nyingi kuliko inavyopendeza. Kaka hakuchanja hata mara moja. Yeye aliugua. Aliugua kipindi kile ambacho hapa kwetu tulikuwa tunauita ugonjwa wenyewe changamoto ya upumuaji na kujifukiza nyungu mpaka macho yanavimba. Alifikishwa hospitali akiwa amebebwa, akalazwa na mtungi wa oksijeni pembeni, sisi tukiwa nje tunaulizana nani ampigie mama simu. Alipopona, alipona na maringo. Tangu hapo akawa anatembea kama mtu aliyetunukiwa cheti.

"Mimi nilifanya mtihani wenyewe," aliniambia pale getini. "Wewe ulisoma maswali ya miaka iliyopita."

"Chumba cha mtihani uliingizwa kwa machela," nikamjibu. "Na hukuongezewa maksi, uliongezewa hewa."

Mama alituacha tubwatukiane. Aliingia kwenye bajaji, akakaa katikati ili tusikae bega kwa bega, na baada ya kutandaza khanga yake magotini akatoa hukumu. "Nitakaa kwa kaka yako. Yeye ameshaugua."

"Mama, mimi nimechanja. Tena na nyongeza."

"Nimesikia. Lakini yeye ameshaugua."

Mama akishasema jambo mara mbili kwa sauti ileile, kikao kimefungwa. Nilinuna mpaka Igogo. Kaka, ambaye hata kufurahi kwa adabu hajui, alimsimulia dereva wa bajaji habari zote za mtungi wa oksijeni, na dereva akampa pole iliyochelewa miaka.

Nilijua mama alikoitoa kauli hiyo, na ndiyo maana iliniudhi zaidi. Kisiwani alikokulia, surua au tetekuwanga ikiingia nyumbani, wakubwa walikuwa na swali moja tu la kwanza: nani hapa ameshaugua? Huyo ndiye aliyeingia chumbani kwa wagonjwa na maji na uji, hata kama ni mtoto. Wasiougua walihamishiwa kwa shangazi au kwa bibi. Nimeusikia utaratibu huo maisha yangu yote. Hata wanangu walipopata tetekuwanga, mama alipiga simu kutoka Nansio na hakuuliza wanaendeleaje, aliuliza kwanza nani ndani ya nyumba ameshaugua. Sasa alikuwa anaipima Korona kwa kipimo cha surua. Surua ukiugua umemalizana nayo. Korona haina adabu hiyo, inarudi kwa watu walewale imebadilisha nguo. Nilimweleza hivyo, kwa upole kwanza, halafu kwa sauti ya dukani, na mama akawa ananisikiliza huku anamenya chungwa.

Kabla ya kuanza dawa, daktari alielekeza mama naye apewe dozi ya nyongeza, kwa kuwa alichanja mara moja tu, zamani, chanjo zilipopelekwa visiwani. Nilifurahi kupita kiasi, maana niliona nimepata hakimu. Aliyemchoma alikuwa nesi wa makamo, Msukuma, mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe. Kaka alikuwa amesimama pale pale. Nikauliza kwa sauti ili asikie vizuri.

"Sista, kati ya mtu aliyeugua na mtu aliyechanja, nani ana kinga kubwa?"

Nesi akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Mmetoka nyumbani mkigombana, eeh?"

"Hatugombani," kaka akasema. "Ninamwelimisha."

"Basi niwaelimishe wote," nesi akasema, akibonyeza pamba begani kwa mama. Akatueleza kwamba mwili hujifunza kwa njia zote mbili. Anayeugua hujifunza mengi, kwa sababu mwili umemwona mdudu mzima mzima, lakini ada yake ni kubwa, na wapo wanaoilipa kwa roho. Anayechanja hujifunza bila kuhatarisha roho. Ila wote wawili husahau. Miezi ikipita, mtu anaweza kuambukizwa tena, aliyeugua kwa aliyechanja, ingawa mara nyingi haumwi sana kama ambaye mwili wake haujui kitu. Ndiyo sababu ya nyongeza, kuukumbusha mwili. "Mwenye nguvu zaidi," akasema, "kwa kawaida ni yule aliyepitia vyote viwili. Lakini nisikie mtu ameenda kuutafuta ugonjwa ili akamilishe, nitamfuata kwake na fimbo."

"Sasa mshindi ni nani?" nikauliza.

"Mshindi ni mama yenu akimaliza dozi zake hajapata homa," akasema. "Wewe kaka mtu, kaa hapa nikuchome."

Kaka akasema mwili wake unajua kazi yake. Akatoka nje kusikiliza simu ambayo haikuita.

Mama akahamia Igogo. Dawa ya kwanza ilimlegeza, ya pili ikamtoa nywele zote, naye akafunga kitambaa kichwani na kusema sasa hata chawa watamkimbia. Kila alasiri nilifunga duka mapema nikampelekea chakula, mara nyingi uji wa ulezi na sato aliyechemshwa bila mafuta, maana vingine vyote vilimchefua. Nilivaa barakoa kuanzia mlangoni. Wifi yangu alinicheka kidogo, si kwa ubaya. Nyumba nzima pale Igogo ilikuwa imetulia kwa imani kwamba kwao ugonjwa ulishapita. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo wa ziwa, mafundi wenzake kaka wanaingia kumsalimia mama, wanamshika mkono, shikamoo mama, marahaba. Nilikuwa nabana midomo chini ya ile barakoa. Lakini mama akigoma kula peke yake, niliivua na kusogea, kwa sababu nani anaweza kumkatalia mtu ambaye vijiko vitatu kwake ni ushindi?

Alasiri moja niliingia nikamkuta kaka amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na kitanda cha mama, anamsomea ujumbe wa pole kutoka Nansio, na kila baada ya maneno mawili anavuta makamasi.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Mafua. Nilichelewa majini jana."

"Tangu lini?"

"Si nimekwambia jana?"

"Juzi," mama akasema kutoka kitandani, na hakuna aliyemuuliza.

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia kila kitu nilichokuwa nimekibana tangu siku ile ya bajaji, kuhusu cheti chake, madirisha yake na mwili wake unaojua kazi yake. Alikuwa ananitazama mdomo wazi, na nikaona kwamba hakuwa amefanya ujeuri wowote. Wazo lenyewe halikuwahi kumjia. Mtu aliyeamini kwamba mlango umefungwa haendi kujaribu kitasa. Alisema taratibu, "Lakini mimi nimeshaugua," akasimama na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, ili awe mbali na mama. Hasira yangu ikakatika hapo hapo, ikabaki hofu tupu.

Tulikwenda hospitali wote wanne, mama na wifi katika bajaji moja, sisi katika nyingine. Yule nesi ndiye aliyetupokea. Alituchokonoa pua kwa vile vijiti virefu, tukaenda kukaa nje kwenye benchi, mbalimbali. Kipimo cha kaka kilisoma kwamba anayo. Cha wifi kilisoma hana. Nikawa nimeshaandaa la kumwambia kaka, maneno mazuri kabisa, yamepangika. Ndipo nesi akaniita pembeni.

"Na wewe unayo," akasema.

Nikamwambia akirudie kipimo. Akakirudia. Nilikuwa nayo. Nikakumbuka koo lililokuwa linaniwasha toka asubuhi, ambalo nilililaumu kwa vumbi la vitenge vipya. Nani aliyempa mwenzake, mimi kwake au yeye kwangu, au kila mtu alijiokotea kwake, mpaka leo hatujui. Wateja wangu hunipumulia usoni kutwa nzima wakiulizia bei. Na mimi ndiye niliyevua barakoa kando ya sahani ya mama.

Mama kipimo chake cha haraka kilisoma hana. Lakini daktari alisema kwa hali yake hawezi kuamini kipimo cha haraka peke yake, wakachukua sampuli nyingine ya kupeleka maabara, wakamlaza katika chumba cha peke yake. Majibu yangetoka kesho yake. Tukaambiwa twende nyumbani tujitenge. Wifi aende Mabatini alale kwangu na aangalie duka. Mimi na kaka, kwa kuwa wote tunayo, tungekaa pamoja Igogo. Sijui ni nani mwingine angebuni adhabu nzuri namna hiyo.

Usiku ule sina la kuusimulia. Kesho yake tulikaa uani, kila mtu na kiti chake, simu katikati yetu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ziwa lilikuwa linang'aa kwa jua na boti zinaingia na kutoka, hatukutazama. Kaka alikuwa na homa na mwili unamuuma. Mimi nilikuwa na koo na kichwa, na michembe niliyoichemsha, viazi vyetu vya kukaushwa, haikuwa na ladha wala harufu. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja: kwamba mama amevuka ziwa lote aje kutibiwa saratani, na sisi watoto wake, mwenye cheti na mwenye sindano, tumemuua kwa mabishano.

Simu ilipolia nilidhani ni hospitali. Alikuwa mama mwenyewe, kwa simu yake ndogo. Majibu yalikuwa bado.

"Unajisikiaje?" akaniuliza.

"Wewe ndiye tukuulize, mama."

"Mimi sina homa. Nimekula. Nakuuliza wewe. Unahema vizuri?"

"Koo tu, mama. Kaka ana homa."

"Kaka yako nimeshaongea na mke wake. Yeye atapona, alishaugua. Wewe kifua hakikubani? Ukipanda ngazi?"

Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Hakutetemeka siku ya kuambiwa ana saratani. Nikamwambia nahema vizuri, nikapanda vipandio vya mlango wa nyuma na kushuka huku simu iko sikioni, asikie mwenyewe.

"Ndiyo maana sikutaka kukaa kwako," akasema.

Nikamuuliza ana maana gani.

"Mimi ndiye ninayekwenda kukaa na wagonjwa hospitali kila mara. Mimi ndiye ningeuleta ugonjwa nyumbani. Ningekuja nao kwako, wewe hujaugua, ukuchukue. Hiyo sindano yako nimesikia, na mimi nimeipata, lakini mimi sijawahi kumwona mtu aliyeugua baada yake akapona. Waliougua wakapona nimewaona."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Surua ilipopita kwao, yeye akiwa binti mdogo, nyumba ilijaa wagonjwa, na yeye alikuwa ameshaugua, kwa hiyo ndiye aliyekuwa anaingia chumbani. Mchana mmoja alichoka. Akamkabidhi mdogo wake bakuli la uji, aingie nalo mara moja tu. Mdogo wake alikuwa hajaugua. Walimzika nyuma ya nyumba kabla mvua hazijakatika.

"Wewe nilikupa jina lake," mama akasema.

Maisha yangu yote nilijua nimerithi jina la mama mdogo aliyefariki utotoni. Hakuna aliyewahi kunieleza alifarikije. Na kumbe safari hii ule utaratibu wao wa nani ameshaugua nilikuwa nimeushika kinyume. Mimi nilidhani anatafuta wa kumlinda yeye mgonjwa. Mama alikuwa anamlinda anayemuuguza. Wiki zote zile nilizonuna nikihesabu kwamba hanithamini, alikuwa ananikimbiza mbali na chumba chake.

Kaka alichukua simu mkononi mwangu, akamwambia mama, "Huyu mzima kabisa, mama. Jana ametukana kutwa bila kukata pumzi." Nikamsikia mama anacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka.

Majibu ya maabara yalitoka jioni ile. Nesi alipiga mwenyewe. Hana, akasema. Watampima tena baada ya siku kadhaa, lakini hana. Kaka alikaa chini sakafuni akaziba uso kwa mikono yote miwili, na mimi nililia kwa sauti mpaka jirani akaja dirishani kuuliza ni msiba gani. Tukamwambia si msiba. Nesi alituambia pia kwamba alipompelekea mama habari, hakuuliza kitu juu yake mwenyewe. Aliuliza kama wanawe watapona.

Tulipona. Tulikuwa wagonjwa wa ajabu, tunalinganisha. Asubuhi kaka ananiuliza una homa, nasema sina, anaguna kwa wivu. Homa yake ilikaa kidogo ikaondoka, na alikiri kwamba ukilinganisha na ile ya kwanza hii ilikuwa mzaha. Koo langu lilipona kabla ya kikohozi chake, nikamkumbusha hilo kila mlo. Lakini pua yake ilirudi kufanya kazi mapema kuliko yangu, naye akawa ananielezea harufu ya samaki kwa kirefu. Nadhani wote tulikuwa tumeshinda kwa namna moja, yeye kwa ugonjwa wake wa zamani na mimi kwa nyongeza zangu, na hakuna kati yetu aliyekuwa salama kiasi alichojidai. Siku moja, bila mimi kumchokoza, akasema akipona na muda ukiruhusu ataenda kuchomwa. "Kwa ajili ya mama," akasema haraka, nisije nikafurahi mno.

Vipimo vya mama vya kurudia navyo vilisoma hana. Sisi nasi tulipopimwa tukaonekana hatuna, tulivaa vizuri tukaenda kumchukua. Alitokea mlangoni mwa wodi amefunga kitambaa kipya kichwani, amekonda, anatembea mwenyewe. Kaka akamwamkia na kunyoosha mkono apokee begi. Bajaji ya Igogo iko nje, akasema, na wifi ameshapika.

Mama hakumpa begi. Alinisogelea mimi, akaweka mgongo wa kiganja chake shingoni mwangu, akauacha pale kwa muda, akanifanya nivute pumzi na kuitoa.

"Umepona kabisa?"

"Nimepona, mama."

Akanitwisha begi. "Haya," akasema, "na wewe umeshaugua. Twende kwako."

Nilijua kinga hiyo nayo itachakaa, nesi alishatuambia, na nilikuwa nimeshaulizia lini nitaruhusiwa dozi inayofuata. Sikumweleza. Nilimshika mkono, tukatoka.